Mistari Bila Wigi

Saluni nzima ilimwita Mistari, kwa sababu akimgawa mtu nywele, njia zilinyooka kama zimepigwa rula. Mdomo nao haukuwa nyuma. Mteja akijikuna tu, alimgonga kidogo kwa mkia wa kitana. "Hao chawa umekuja nao mwenyewe, usiniachie hapa!" Watu walicheka mpaka basi.

Kisha akaugua saratani. Dawa za hospitali zikampukutisha nywele zote, na ngozi ya kichwa ikawa inamuwasha kutwa kucha. Msusi kipara! Aliionea aibu hali hiyo kuliko alivyouogopa ugonjwa wenyewe. Akavaa wigi, akamwapisha wifi yake, mwenye saluni, asifungue mdomo. Nesi alikuwa amemwonya: maji ya uvuguvugu, losheni isiyo na harufu, kitambaa laini cha pamba, basi. Lakini kitambaa si kingemuumbua?

Jumamosi moja viti vilijaa. Joto la madraya na lile wigi la nailoni vikamzidi. Akawa anajipigapiga kichwani kwa kiganja, kama wafanyavyo waliotoka kusukwa. Wapi! Mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akamtazama kwenye kioo.

"Mistari, leo hao chawa ni wa nani?"

Saluni ikaangua kicheko. Naye akacheka, mashavu yakimwaka kwa haya. Akajifungia stoo, akachota mafuta ya mnanaa, yale yale aliyowapaka wateja wenye muwasho miaka yote, akajipaka kichwa kizima. Nani angemfundisha yeye mafuta?

Yalimchoma hadi machozi. Akatoka mbio kwenda kwenye sinki, wigi mkononi, kichwa wazi mbele ya wote. Kicheko kikakatika. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akajifunika taulo usoni.

"Mnisamehe jamani," alisema, kana kwamba amewaibia.

Wifi yake akayapima maji kwa kiwiko, akamlaza kwenye sinki. "Tulia, wifi. Tulia."

Akamwosha polepole, na mwalimu, kichwa nusu kimesukwa, akaja kushika bomba la maji. Muwasho ulipopoa, vidole vya wifi, kwa mazoea tu, vikaanza kugawa nywele kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni. Vilifika katikati, vikasita.

Mistari akauliza chini ya taulo, "Mstari umenyooka?"

"Umenyooka, wifi."