Mama Tumeelewa na vitone vyekundu

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, mwalimu wa hisabati wa darasa la sita anafuta ubao usioandikwa kitu. Anaufuta mpaka mwisho, anarudi, anaufuta tena. Mikono inatafuta kazi. Macho yako getini.

"Bado hajafika?" anauliza.

"Bado," anajibu mwalimu mkuu, aliyesimama mlangoni akijipepea na faili. "Ila dada yangu, leo usinitie aibu. Ni kijani tu."

Anayesubiriwa ni mkaguzi. Ndiye atakayeamua kama vishikwambi ishirini na sita vya darasa hili vibaki, au vihamishiwe shule "inayovitumia vizuri".

Mwalimu huyu wa hisabati wanafunzi humwita Mama Tumeelewa, na jina hilo amelitolea jasho. Kwa miaka kumi na tisa alimaliza kila mfano kwa swali moja, "Tumeelewa?", na darasa zima likaitikia, "Ndiyooo, mwalimuu." Kwaya nyingi zingeona wivu.

Mwaka jana vikaja vishikwambi. Wanafunzi ni hamsini na wawili, kwa hiyo kila wawili wana kimoja. Utaratibu ni mwepesi kuusema: walioelewa wanabonyeza kijani, ambao hawajaelewa wanabonyeza nyekundu, na ukutani projekta inaonyesha vitone bila majina, kimoja kwa kila meza, vikifuata mpangilio wa darasa. Kisha walioelewa wanahamia meza za wenzao kuwaelekeza, mwalimu akipita na kusikiliza.

Siku ya kwanza alifundisha kama kawaida, akauliza kama kawaida, akaitikiwa kama kawaida. Halafu akawaambia wabonyeze. Vitone ishirini na viwili vikawa vyekundu.

"Niliingia stoo ya ramani nikajifungia," anasimulia. "Niliwafikiria wote waliopita mikononi mwangu. Yupo mmoja ana duka mtaani kwetu. Akinirudishia chenji pungufu, sijui kama ameniibia au lile ndilo somo langu."

Anacheka, lakini kicheko hakikai.

Mumewe, fundi cherehani, anasema tangu siku hiyo mkewe haulizi tena kama mboga imekolea chumvi. "Anaogopa jibu," anasema. "Mwambie aniletee na mimi hicho kitufe, nina miaka mingi ya kusema ndiyo."

Saa mbili na robo mkaguzi anaingia, anaketi nyuma, kalamu mkononi. Mama Tumeelewa anawasha projekta. Kabla hajaandika hata mada, kidole kinagusa pasipo pake. Swali la mwisho wa kipindi linatokea ukutani: Je, umeelewa?

Vitone vinaanza kuwaka. Kijani. Kijani. Vyote ishirini na sita, kijani kitupu.

Somo halijaanza.

Hapo ndipo anapojua kwamba mwalimu mkuu aliwapitia watoto kabla yake. Mkaguzi, aliyekuwa anapekua karatasi zake, anainua kichwa.

"Wote? Hongera, mwalimu." Anaanza kuandika.

Angeweza kunyamaza. Vishikwambi vingebaki, mkuu angepumua, na yeye angerudi nyumbani mapema.

"Hapana, mzee." Sauti inamtoka nyembamba. "Sijafundisha bado. Hiyo kijani ni ya kukukaribisha wewe."

Mwalimu mkuu anaanza kuchunguza dari. Kalamu ya mkaguzi imesimama.

Anafuta majibu. Anaandika ubaoni: nusu, gawanya kwa robo. Anatoa maelezo yake, kisha anawageukia. "Sasa bonyezeni ukweli. Anayenidanganya ananirudisha stoo."

Vyekundu kumi na saba. Mkaguzi haandiki kitu, na kutoandika kwake kunatisha kuliko kalamu.

Binti wa dirishani anachana karatasi, anahamia kwa mwenzake wa meza ya nyuma.

"Wewe umekata nusu vipande vinne. Hukuulizwa hivyo."

"Nimeulizwa nini sasa?"

"Robo ngapi zinaenea humo kwenye nusu. Zipange juu yake."

"Mbili."

"Si umemaliza? Unalia nini?"

"Silii. Ni macho tu."

Wanabonyeza tena. Vyekundu viwili havitaki kuondoka.

"Na hawa?" anauliza mkaguzi, kidole kikielekea ukutani.

"Hawa ni wangu, mzee. Nabaki nao baada ya kengele."

Mkaguzi anaandika mstari mmoja, anafunga daftari, anatoka. Majibu baada ya wiki mbili. Mkuu anamfuata mbio na faili lake, bila kumtazama mwalimu.

"Wakivichukua, nitakata kadi za boksi, kijani na nyekundu," anasema Mama Tumeelewa. "Siogopi kukosa mashine. Naogopa kuirudia ile ndiyo." Amebakiza miaka sita kustaafu. Anataka, kabla ya hapo, asikie mtoto akisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hajaelewa.

Kengele imelia, projekta imezimwa. Watoto wanne wa meza mbili nyekundu wamebaki, karatasi zimetapakaa. Mwalimu anaeleza upya, taratibu, na mwishoni mazoea yanamshinda.

"Tumeelewa?"

Neno limeshatoka. Anafunika mdomo.

"Ndiyo, mwalimu," wanasema watatu.

Wa nne anaangalia ukuta, ambako hakuna kitone chochote cha kumsemea. Anakunja karatasi, anaikunjua.

"Mimi bado."

Mama Tumeelewa anavuta kiti, anaketi mbele yake.

"Ulipotelea wapi?" anauliza. "Nionyeshe."