Jonan, Ndege ya Mombasa na Sanduku la Mama

Jirani yangu Jonan anasema alienda Mombasa kwa ndege, akarudi kwa ndege, na hakutoa hata shilingi mia.

Ndege, jamani. Yenye mabawa.

Anasema alifika uwanjani Entebbe, akachomoa kadi mfukoni. Dada wa pale akaiangalia, akasimama wima, akasema, "Karibu mheshimiwa, pointi zako zimetosha." Wakamweka kiti cha mbele. Wakamuuliza atakula kuku au samaki, akajibu vyote viwili. Walipofika juu ya mawingu joto likamzidi, akafungua dirisha kidogo apate hewa.

Eti akafungua dirisha.

Hayo aliyasema kwenye kibanda changu cha chai hapa Bwera, karibu na steji ya mabasi. Amekalia benchi langu, anakunywa chai yangu. Na watu wazima wenye ndevu wanatikisa kichwa. "Kumbe! Hiyo kadi iko na nguvu."

Mimi naitwa Biira Docus. Shule niliishia darasa la saba, na ndege naiona ikipita tu. Lakini nimeshapanda basi la Kampala, na hata kwenye basi ukitoa mkono nje kondakta anakufokea.

Halafu macho ninayo. Muuza chai watu wanamwangalia mikono. Wanasahau kwamba na yeye anawaangalia.

Siku Jonan aliporudi nilimwona akishuka boda. Hana begi. Kwenye kola ya koti lake, na koti analo hilo moja tu, kulikuwa na nyuzi za gunia. Zile nyuzi za rangi ya udongo za magunia ya kahawa.

Mimi nimekulia Kyarumba, kwenye kahawa. Hizo nyuzi nimezibandua kwenye nywele zangu tangu mtoto.

Nikajiuliza, siku hizi ndani ya ndege watu wanakalia magunia?

Nikamwongezea chai.

Ndani ya wiki mbili Jonan akawa na jina jipya: Daktari wa Pointi. Kila asubuhi darasa linafunguliwa benchini kwangu.

"Wazungu hawalipi safari," anasema, mguu juu ya mguu. "Wazungu beko na kadi ya benki. Mutu ananunua sukari, pointi. Ananunua sabuni, pointi. Anaweka mafuta kwa gari, pointi. Mwisho wa mwaka benki inamwambia, mheshimiwa, nenda Dubai upumzike."

"Na benki inapata nini?" nikamuuliza.

"Biira, wewe kaanga chapati."

Watu wakacheka. Na mimi nikakaanga chapati.

Ukiangalia vizuri, kadi aliyokuwa nayo haikuwa ya benki yoyote. Ilikuwa kadi nyekundu ya supamaketi moja ya Kasese. Ukinunua pale wanaisugua kwenye mashine, unapata pointi. Jonan alisema ni yale yale. "Pointi ni pointi," alisema. "Hii inaungana na ile ya ndege. Huko juu beko wamoja."

Angeishia kudanganya wanywa chai, nisingeandika hapa. Lakini maneno yalipanda mlima yakamfika mama yangu.

Mama yangu anaitwa Yayeri. Anaishi Kyarumba, juu kabisa, mahali boda inakushusha halafu unapanda kwa miguu. Dada yangu mkubwa, Masika, yuko Mombasa mwaka wa sita huu. Anauza viatu vya mitumba. Amezaa mtoto wa kiume na mama hajamwona hata mara moja. Anamjua kwa picha ya kwenye simu yangu. Akishuka sokoni, kabla hata hajakaa, ananiambia, "Fungua nimwone." Anaweka kidole kwenye shavu la mtoto mpaka picha inakimbia.

Basi mama akamuuliza Jonan, "Mwanangu, hizo pointi zinaweza kunifikisha kwa Masika?"

"Mama Masika," Jonan akasema, "wewe Krismasi utakula na mjukuu."

Huku kwetu wanawake tuna nigiina. Kila mwezi tunaenda kwa mmoja wetu na zawadi: sufuria, mablanketi, mabeseni. Tunaimba, tunacheza, tunamkabidhi. Mwezi ujao zamu ya mwingine. Vitu tunanunua soko la Mpondwe, ambako unaongea na muuzaji mpaka bei inalegea.

Jonan alikuja kwenye nigiina yetu na kadi yake nyekundu. Akasema tuache Mpondwe. Tumpe yeye hela, akanunue kila kitu Kasese kwa kadi, pointi zikusanyike, Mama Masika aruke.

Mwenyekiti wetu, Feresita, tunamwita Afande kwa sababu ya sauti. Akauliza, "Nani anakataa Yayeri amwone mjukuu wake?"

Nani angenyoosha mkono? Hata mimi nilikaa juu ya mikono yangu.

Miezi mitatu tukanunua sufuria za Kasese. Ghali kuliko za Mpondwe, na mfuniko haukai. Wanawake walilalamika chini chini, lakini walitoa. Kwa ajili ya mama yangu.

Naye mama akauza kuku wake wote, Jonan akamletea sanduku. Sanduku la kijani, la magurudumu.

Magurudumu, Kyarumba! Njia yetu mbuzi mwenyewe anaipanda akifikiria. Mama alilipandisha kichwani, magurudumu yanaangalia mbinguni. Kila jirani aliyekutana naye alimwambia, "Naenda kwa Masika."

Hapo ndipo niliacha kucheka moyoni.

Siku moja nilifunga kibanda nikaenda Kasese. Nilikuwa nimemwomba Jonan kadi, nikamdanganya kwamba nataka kununua mifuko kumi ya unga wa chapati ili pointi ziongezeke. Alinipa haraka sana.

Kwenye supamaketi kulikuwa na dada wa kaunta, Kebirungi, jina nimelisoma kifuani kwake.

"Nyabo," nikamwambia kwa heshima, "niangalizie pointi."

Akasugua kadi. "Mia nne kumi na mbili."

"Zinaweza kupanda ndege?"

Akaniangalia kuona kama ni mzaha. Akaona siyo mzaha, akashusha sauti, Mungu ambariki. "Nyabo, hizi zinachukua chupa ya chai. Ile ya lita moja, pale juu. Lakini inataka mia tano. Bado themanini na nane."

Miezi mitatu. Wanawake kumi na wanne. Chupa ya chai, na yenyewe haijatosha.

Nilitoka nje nikampigia Masika.

"Dada, Jonan alipokuja Mombasa alifikia kwako? Alikuja na ndege?"

Masika alicheka mpaka mtoto akalia nyuma yake. "Ndege gani? Alikuja juu ya magunia ya kahawa! Dereva wa lori alimbeba kama turniboi, utingo wake. Alifika mweusi kwa vumbi, nikampa maji ya kuoga, nikamlisha siku tatu. Lori ikamkimbia." Halafu akauliza, sauti imebadilika, "Biira, mama atatumia lini ile kadi?"

"Kadi gani?"

Akanieleza yote.

Masika hupeleka viatu Nairobi kwa basi. Kampuni ya basi hilo ina kadi ya karatasi. Kila safari wanakupigia muhuri, mihuri ikifika kumi safari moja ni bure, kokote basi linakofika, hata Kampala. Na yeyote aliye nayo mkononi anapanda. Masika alikusanya mihuri kumi mwaka mzima, mtoto mgongoni, gunia la viatu miguuni. Hakuigusa. Alimpa Jonan ampelekee mama. Kufika Kampala mama angejitafutia, kutoka Kampala mpaka Mombasa kadi ingembeba.

"Nilimuuliza Jonan kwenye simu," Masika akasema. "Aliniambia mama amefurahi, anangoja avune kahawa kwanza."

Basi nikaelewa alirudi na nini.

Na mheshimiwa wetu hakudanganya yote. Kweli alisafiri kwa pointi. Kweli kutoka Mombasa mpaka Kampala hakutoa shilingi mia. Ila pointi zilikuwa za mama yangu.

Sikumwambia mtu. Nilisubiri. Kungoja nakujua, maji ya chai hayachemki kwa kupigiwa kelele.

Jumapili ya kwanza ya Desemba nigiina ilikuwa kwa Feresita, baada ya kanisa. Mama alishuka na sanduku lake. Limejaa. Maharage, kahawa ya kusaga, na mbeleko mpya ya maua ya kumbebea mjukuu. Amevaa gomesi, lile gauni analovaa kwenye harusi za watu.

Jonan alipoliona sanduku akawahi kuongea.

"Mama Masika, kuna shida kidogo. Mtandao wa ndege iko chini."

"Huo mtandao utarudi lini?" mama akauliza.

"Hawa watu wa ndege... labda Pasaka."

Mama akaketi juu ya sanduku.

Nikasimama. "Jonan, tusimulie tena lile dirisha."

"Dirisha gani?"

"La ndege. Ulilifungua kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na upepo haukuondoka na wewe?"

"Nilifungua kidogo tu!"

Wanawake wakaanza kucheka. Yeye akacheka pia, akidhani tumerudi benchini. Nikaweka simu mezani, sauti kubwa. Masika alikuwa kwenye laini muda wote.

"Jonan," simu ikasema, "kadi yangu ya mihuri kumi iko wapi?"

Mngemwona! Ile midomo iliyokula kuku na samaki mawinguni ikaanza kujitetea.

"Masika, dada yangu... lori iliniacha. Ningerudi na nini?"

"Ungeniambia! Mwaka mzima, Jonan. Mtoto mgongoni."

"Nilitaka kurudisha! Ndiyo maana nilianza hizi pointi, nimrudishie mama."

"Ungemrudishia na chupa ya chai?" nikamuuliza. Nikawaambia wote mia nne kumi na mbili ni nini.

Kicheko kikakatika. Wanawake kumi na wanne wakawa wanafikiria mifuniko isiyokaa.

Feresita akainuka. "Wewe. Simama."

Jonan akasimama.

"Hilo sanduku. Beba. Mpaka kwa Yayeri."

"Afande, lina magurudumu, nitalivuta..."

"Kichwani!"

Tulipanda magari mpaka mwisho wa barabara, halafu mlima ukaanza. Jonan mbele, sanduku kichwani, maharage yanamkandamiza shingo, gurudumu moja linazunguka karibu na sikio lake. Wanawake nyuma wanahesabu kila hatua.

"Pointi moja! Pointi mbili!"

"Daktari, fungua dirisha!"

Kwenye mia nne kumi na mbili wakapiga vigelegele. Njia ilikuwa haijafika hata nusu.

Wapendwa mnaosoma, mimi sikatai kwamba pointi zipo. Masika ameanza upya, ana mihuri mitatu. Lakini hakuna pointi iliyoshuka kutoka mbinguni. Nyuma ya kila moja kuna mtu aliyekaa kwenye kiti cha basi na gunia miguuni, au mama aliyenunua sufuria mbovu kwa bei ya nzuri. Mtu akikuambia amesafiri bure, achana na kadi yake. Muulize nani alilipia.

Na wewe uliyekuwa unatikisa kichwa kwenye benchi langu, ndevu zako ni za nini?

Ila bado sijawaambia tulivyofika.

Tulifika kwa mama jua limeinama. Wanawake walishaishiwa sauti. Jonan akatua sanduku mlangoni, akaanguka chini karibu nalo, shati limeshika mgongo.

Mama akapita juu ya miguu yake. Akafungua sanduku. Akarudisha maharage kwenye pipa. Kahawa akaiweka juu ya kabati. Ikabaki mbeleko.

"Mama Masika," Jonan akasema, "naomba maji ya kunywa."

Kwetu maji hayanyimwi mtu. Hata aliyekuja kugombana nawe, kwanza unampa maji. Mtungi uko nyuma ya mlango, kikombe juu yake. Nilikuwa nimesimama pale pale, mkono wangu ungefika.

Nikamwangalia mama kwanza, aseme nimpe.

Mama alikuwa amekaa kitandani, anakunja mbeleko. Akaikunja mara mbili. Akaikunja tena.

"Mama Masika? Maji kidogo tu."

Akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo, akaishikilia kifuani kwa mikono miwili, akaanza kuipiga piga taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.