Tangu Mteja Awe Teja

Mamangu aliuza mbaazi na mahamri mlangoni petu Kibokoni tangu kabla sijazaliwa, na katika maneno yote ya biashara hakuna alilolipenda kuliko mteja. Alilitamka taratibu, kama mtu anayemkaribisha mkwewe. "Karibu mteja wangu. Leo tui limekolea, onja." Mzee mwenye bakuli lake la plastiki alikuwa mteja. Mtoto aliyetumwa, kamasi zamtoka, naye alikuwa mteja, tena huongezwa hamri moja la kula njiani ili yale ya nyumbani yafike salama. Siku moja kakangu alimwambia mama mmoja mgomvi kuwa mbaazi zimekwisha, na sufuria ilikuwa bado nzito. Mamangu alimvuta sikio palepale.

"Mteja hafukuzwi," alimwambia. "Mteja ni riziki iliyovaa nguo."

Kakangu ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Babetu alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo mkono ulionishika kunipeleka chuoni kusoma Kurani ni wa kaka, na aliyenifundisha kuendesha baiskeli katika vichochoro vile, nikiparuza viwiko kwenye kuta, ni yeye. Alipokua alijifunza kutengeneza feni katika duka la Mhindi mmoja karibu na Marikiti. Joto la Mombasa halimpi mtu nafasi ya kukaa bila feni, na nyumba nyingi za mtaani kwetu ziliwahi kumwona juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, akiimba kwa pua.

Sijui ni lini hasa lile neno lilianza kugeuka. Waliouza unga, ule wa kuvuta na kujidunga, walikuwa wafanyabiashara kama wengine, na wanunuzi wao waliwaita wateja, kwani wangewaitaje? Vijana wa barazani wakalidaka. Wakaitoa ile m ya mbele, likabaki teja. Na mtu akishatolewa m yake huwa ametolewa katika watu. Wateja wakawa mateja, wakatiwa fungu moja na makopo na magunia. Unga nao haukusalimika. Mama akitoka mlangoni na kunituma dukani, "Mwanangu, nenda kaniletee unga," waliokaa barazani walikohoa wakatazamana. Baadaye akazoea kusema "unga wa ngano," kwa sauti ya juu, kama mtu anayejitetea mbele ya kadhi.

Nilidhani mambo hayo ni ya watu wengine. Kisha kakangu akaanza kuvaa mashati ya mikono mirefu katika joto la Februari. Akaacha kuimba. Bisibisi zake zikapotea, kisha redio ya mama, kisha mtungi wetu wa gesi. Yule Mhindi alikuja mwenyewe nyumbani, akavua viatu, akakaa ukumbini, akamwambia mama kwa upole kuwa hawezi tena kumwachia kijana ufunguo wa duka. Mama alimpa kahawa, akamshukuru. Alipoondoka, mama aliingia jikoni, akabaki huko muda mrefu bila kuwasha jiko.

Alasiri moja nilisikia kelele nje. Jirani wa nyumba ya tatu alikuwa ameibiwa mtungi wa gesi, na vijana walikuwa wamemkamata kakangu pembeni mwa msikiti. "Teja! Teja!" Sikusikia mtu akiuliza kama kuna aliyemwona akiiba. Neno lenyewe lilikuwa ushahidi, hukumu na adhabu. Walimpiga kwa viatu, kwa mbao, kwa chochote kilichokuwa mkononi. Mama alitoka mbio na mwiko wake, buibui halijakaa sawa, akawapenya mpaka katikati, akamfunika kwa mwili wake.

"Huyu si teja! Huyu ni mwanangu!"

Jirani yule alimtazama. Sidhani alikusudia ukatili. Alikuwa amechoka tu, na alimjua mama tangu ujana. "Bibi," alimwambia, "mwanao ndiye teja."

Mama alimwinua kaka, nami nikamshika upande wa pili, tukaingia ndani. Mtungi ulikuja kuonekana kwa shemeji yake huyo jirani, aliyekuwa ameuazima bila kusema. Hakuna aliyekuja kutuambia pole.

Tangu siku ile sikumsikia mama akimwita mtu mteja. Asubuhi watu walikuja na mabakuli yao, naye aliwaambia, "Karibuni wageni wangu." Wengine walidhani ni utani mpya.

Kaka alihama nyumbani. Tulisikia yuko Majengo, mara tukasikia ameonekana Buxton, amelala chini ya ukuta. Nilikuwa nimemnunulia simu ndogo, na mama alimpigia kila baada ya sala ya alfajiri. Asubuhi moja nilikuwa nikikanda unga nilipomwona ameishusha simu sikioni, anaitazama. Nikaichukua nisikilize. Ilikuwa ile sauti ya kike, safi, isiyo na haraka, ambayo sote tunaijua: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

"Hata simu yamjua," mama alisema.

Nilijaribu kumweleza kuwa hilo huambiwa kila mtu, kwamba hata yeye akizima simu yake ataitwa hivyo hivyo. Alitikisa kichwa, akachukua kinyunya changu, akaanza kukikanda upya.

Baada ya mvua za masika kaka alirudi mwenyewe, mwembamba, akasema anataka dawa. Kulikuwa na kituo ng'ambo ya kisiwa ambapo walioacha unga hupewa dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi. Nilimpeleka. Tulikaa kwenye benchi na wanaume wengine, wote wakitazama sakafu. Muuguzi, mwanamke wa Kigiriama mwenye msalaba mdogo shingoni, alichungulia dirishani akasema, "Mteja anayefuata, karibu."

Kakangu hakusimama. Nilimgusa. "Ni wewe."

"Atutukana?" aliniuliza kwa kunong'ona.

Muuguzi alisikia. Alitoka chumbani, akaja mpaka alipokaa kaka. "Hapa kila anayekuja ni mteja, kaka," alisema. "Karibu." Kaka akasimama, akamfuata, akanywa dawa yake. Tulipofika mlangoni petu alinigeukia.

"Yule dada aliniambia karibu," alisema.

Alikunywa dawa ile zaidi ya mwaka. Alinenepa kidogo. Alitengeneza feni ya ukumbini kwetu, nami nikimshikia ngazi. Lakini mapafu yalikuwa yameshaharibika huko nyuma, kikohozi hakikumwacha, na asubuhi moja hospitalini alipumua kwa shida, kisha hakupumua tena. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri.

Wanaume walikaa barazani kwetu, wanawake ndani. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo tuliyasikia maneno yao. "Marehemu alikuwa mpole," mmoja alisema. "Marehemu alikuwa na mkono mwepesi kwenye feni." Hiyo ya pili ilikuwa sauti ya jirani wa nyumba ya tatu, aliyelibeba jeneza mpaka kaburini. Marehemu ni neno zuri. Asili yake ni mtu aliyerehemewa; ni dua. Ni sisi tulioligeuza kwa kulitumia, hata likawa la kusemwa kwa sauti ya chini, la kumwogofya mtoto. Lakini mama, aliyekaa mkekani mgongo ukutani, alifunga macho kila lilipotajwa. Mwishowe aliniita.

"Nenda kawaambie wamwite jina lake."

Nilijitanda mtandio, nikasimama mlangoni, nikawafikishia. Wengine waliangalia mikono yao. Nilidhani hawatathubutu. Kisha jirani yule alikohoa, akalitaja jina la kakangu, lote, na la babetu nyuma yake, kama linavyotajwa siku ya ndoa, na waliobaki wakaitikia, "Mola amrehemu."

Ndani, mamangu alilia kwa sauti, na wanawake wakamwacha alie.