Shavu la Mama na Picha ya Kukhu

Enzi zetu mtu alipigwa picha mara chache, na kila mara alijiandaa kama anayekwenda kortini. Nywele zilichanwa mpaka machozi yakatoka, mafuta yakapakwa hadi nyuma ya masikio, na kucheka kulikatazwa. Leo mpwa wangu hupiga picha sahani ya chipsi kabla hajaila. Sisi tulikula kwanza, na ushahidi haukuhitajika.

Nazungumzia Kampala ya baada ya vita, watu walipoanza tena kutembea bila kugeuka nyuma kila mara. Tulikaa Naguru. Baba, Mluhya aliyevuka mpaka kutafuta riziki, aliuza spea za magari Nakivubo, na huko ndiko alikopata kamera kuukuu yenye sindano ndogo ya kupimia mwanga. Jioni Mama akikaanga chapati na nyumba nzima ikinukia, Baba alitufundisha. Lenzi ni dirisha, alisema. Ulifungue sana kwa muda mfupi, au kidogo kwa muda mrefu, mwanga utakaoingia ni uleule. Ukizidi, picha inaungua. Ukipungua, inakuwa giza. Hapo tulimwelewa. Kisha akasema namba kubwa ndiyo tundu dogo na namba ndogo ndiyo tundu kubwa, akatupoteza wote. Shuleni tulichapwa kwa hesabu zenye akili kuliko hiyo.

Kila Krismasi bibi yetu mzaa mama, tuliyemwita Kukhu, alikuja kwa basi kutoka Kenya. Alifikia kwa mjomba, mtaa wa Kamwokya, kwa sababu kwa mila yetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Wala hawapeani mikono, wala hawasogeleani. Baba na Kukhu waliheshimiana kwa mbali sana. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja wao alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli upande wa pili.

Kukhu alikuwa na haja moja tu mjini. Babu alikufa bila kuacha picha, na wajukuu waliozaliwa baadaye walimjua kwa jina peke yake. Yeye hakutaka yampate hayo. Alitaka picha moja, sura yake ionekane, itundikwe ukutani.

Baba akampiga picha nje ya kanisa, amevaa sare nyeupe ya akina mama wa kanisa na kitambaa cheupe kichwani, mbele ya ukuta wa chokaa. Alisimama mbali, kama heshima inavyotaka, akapima mwanga, akabonyeza. Picha ziliposafishwa, mwenye studio pale Nakivubo, Muganda mpole, alitafuta neno zuri la kusema.

"Mzee, nguo imetoka muzuri sana."

Ilikuwa kweli. Kila mkunjo ulionekana. Juu ya nguo palikuwa na giza lililofungwa kitambaa. Kutoka kule mbali sindano ilikuwa imepima chokaa na sare, ikaona mwanga umezidi, Baba akapunguza tundu, na uso wa Kukhu, mweusi wa kupendeza, ukanyimwa mwanga wake. Krismasi iliyofuata mambo yakawa yaleyale. Kukhu aliishika picha, akaikagua, akamuuliza Mama, "Huyu ni nani amevaa nguo yangu?"

Mwaka uliofuata alikuja na mkongojo. Alikuwa amekonda, na hata sisi watoto tulielewa kwamba Krismasi zake zinakaribia kwisha. Baba akatuma neno kupitia kwa Mama, kwamba avae nguo ya rangi nzito. Jibu likarudi kwa njia ileile: hawezi kukutana na vitukuu bila sare. Baba akafungua tena kijitabu cha kamera. Kilisema sogea usoni, upime hapo.

"Nisogelee wapi?" aliuliza. "Shavu la mama mkwe?"

Mama alikuwa anasukuma chapati. Hakugeuka.

"Lake huwezi. Langu je? Si ndiye aliyenizaa?"

Basi siku ya Krismasi, baada ya ibada, Mama alisimama mahali ambapo Kukhu angesimama. Baba akamwendea, akamgeuza kidevu kidogo kwa vidole viwili, akaisogeza kamera mpaka karibu imguse shavu. Sikuwahi kumwona akimgusa Mama uso. Wazee wa kanisa wakaanza kulichunguza paa. Sindano ikashuka, Baba akaongeza tundu, kisha Mama akatoka, Kukhu akaingia, na Baba akarudi kulekule mbali, akabonyeza.

Picha ilipotoka, sare ilikuwa imeyeyukia ukutani, vyote vyeupe, hata mlango wa kanisa hauonekani vizuri. Lakini uso ulikuwepo: makunyanzi, kovu juu ya nyusi, na macho yanayomkagua mpiga picha. Kukhu alikaa nayo muda mrefu.

"Kanisa limeenda wapi?" aliuliza, kisha akaifunga ndani ya leso yake.

Krismasi iliyofuata hakuja. Tulimzika kwao, na picha ikatundikwa kama alivyotaka. Nilimpenda Kukhu sana, na Baba sijawahi kumpenda kama siku ile.

Sasa picha iko sebuleni kwangu. Juzi yule mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliipiga picha kwa simu awatumie ndugu. Simu za leo hupima zenyewe, hufungua zenyewe, hazihitaji shavu la mtu. Simu yake iliutafuta uso, ikaupata, na bila kuombwa ikafuta makunyanzi na kovu, ikamfanya Kukhu mweupe kama chai iliyozidi maziwa. Ndugu wakasifu. Nikaiangalia, nikauliza huyu ni nani amevaa nguo ya Kukhu. Binti akacheka, akadhani natania.

Nilimwambia amrudishe alivyokuwa. Akainama karibu na dirisha kutafuta pa kubonyeza, nami nikamngoja. Mwanga ulikuwa unampiga shavuni, na rangi ilikuwa ileile ya Kukhu.