Zena wa Gerezani na vali inayorudisha sauti

Mkono wa roboti unashuka, unanyakua kiwambo chembamba cha silikoni na kukipachika kwenye kifuniko kidogo kama kifungo cha shati. Zena Mudi anakiinua kwenye taa, anakipuliza, anakunja uso.

"Hiki hakiendi kwa mtu," anasema, na kukitupa.

Nje ya karakana yake, katika mtaa wa Gerezani, mafundi wanagonga vyuma. Ndani, mashine inachapa vifuniko vingine, tabaka juu ya tabaka. Ni vali za kuzungumzia. Mgonjwa aliyetobolewa koo ili apumue huvaa moja shingoni; akivuta pumzi inafunguka, akiitoa inajifunga, hewa inapanda juu na sauti inatoka.

Zena, 36, alikuwa fundi simu Kariakoo. Jirani yake, Bakili, dalali wa samaki pale soko la Feri, alipofanyiwa upasuaji wa koo, sauti ilipotea na kazi ikaenda nayo. Vali za kutoka nje zilikuwa hazipatikani. Zena akaamua kujaribu.

Kiwambo cha vali ya kwanza alikipachika kwa mkono. Siku ya majaribio hospitalini, kiwambo kilinasa. Bakili akakosa pumzi, daktari wake, Dk. Hyasinta, akaichomoa vali hapo hapo.

"Nilijifungia nikalia," anasema Zena. "Nikajiambia, nitaua mtu."

Jioni hiyo Bakili alimtumia ujumbe kwenye simu: "Mdogo wangu, usiniache bubu."

Akarudi kazini. Aligundua kiwambo kilikaa upande, kwa upana wa unywele tu. Hapo ndipo alipotafuta mkono wa roboti uliotumika, akaufufua kwa msaada wa Ansbert, fundi umeme wa jirani.

Majaribio ya pili, mke wa Bakili, Mwanamkuu, alikuwepo. Daktari alimvalisha Bakili vali, akamwambia aseme chochote.

"Mwanamkuu," alisema Bakili, kwa sauti ya kukwaruza, "mchuzi wako una chumvi. Muda wote huu nimekosa pa kusemea."

"Nilicheka huku machozi yananitoka," anasema Mwanamkuu. "Nikamwambia, sema tena!"

Leo Bakili amerudi mnadani, na wagonjwa wapatao thelathini wanavaa vali za Zena, kila moja ikipimwa kwanza na Dk. Hyasinta.

Sasa anaunda ndogo zaidi, za watoto wachanga waliotobolewa koo.

"Mtoto wa hivyo analia bila sauti. Mama akigeuka tu, hajui," anasema Zena, akiwasha tena mashine. "Nataka mwaka huu huyo mama aamshwe usiku na kilio cha mwanawe. Na nitaweza."