Bolti ya Kiti cha Fundi

Nilikuwa najitengenezea mashine ya mkono ya kubangua karanga, kazi ya kujifurahisha tu baada ya misa. Ilibaki bolti moja ya milimita sita. Maduka ya Mpanda mjini yakanitolea za milimita nane, na muuzaji mmoja akanishauri eti nipanue tundu. Nikaondoka nimenuna.

Nikaibeba mashine hadi mtaa wa Makanyagio, na huko fundi pikipiki mmoja alinimwagia kopo zima la bolti kuukuu juu ya gunia. Nikaokota moja, nikaiweka kwenye tundu la mashine, nikaikazia spana. Akanishika mkono.

"Anza na vidole, mzee wangu. Ikikataa vidole, ukilazimisha meno ya bolti yatakwisha."

Tukajaribu moja moja mpaka kopo likaisha. Hakuna iliyoingia. Fundi akainuka, akapindua kiti alichokalia, akafungua bolti iliyoshika mguu mmoja wa kiti hicho. Ile ikaingia kwa vidole mpaka mwisho.

Karanga nabangua hadi leo. Bolti mpya za milimita sita, nilizoagiza kutoka nje ya Mpanda, nimeshampelekea mara tatu. Kila nikipita, mguu wa kiti bado umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Bolti zangu ameshawapa wateja wengine.