Rangi za Ng'ombe wa Mzee Sitonik

Afisa mikopo wa benki yetu ndogo hapa Karatu huvua miwani na kuifuta kwa ncha ya tai kila anapotaka kumnyima mtu mkopo. Juzi aliifuta mara tatu. Fomu ilidai idadi ya ng'ombe, na bila idadi wakaguzi huirudisha.

"Ng'ombe hahesabiwi, mwanangu," alisema Mzee Sitonik, mfugaji wa Soitsambu. "Ukimhesabu unamwitia kifo."

Afisa akashusha pumzi, amechoka. "Basi nitajie rangi zao tu, mzee wangu."

Mzee akawataja mmoja mmoja mpaka chai ikapoa. Chini ya meza niliona vidole vya afisa vikikunjwa na kukunjuliwa. Mwishowe akaandika idadi, akaifunika kwa kiganja mpaka mzee alipomaliza kuweka dole gumba.